Somo la Vikundi: Jinsi ya Kuchagua Kijiko Kidogo Kilichokwisha Tumika



Katika mashamba ya miwa na viwanda vya chai, vikundi vya wanachama wetu vinaweka akiba ili vinunue mashine. Sababu yake tunaijua sote. Msimu wa kuvuna ukiisha, vibarua hukaa bila kazi, na wengine wamepunguzwa kazini wakapewa fedha kidogo za kuagana. Huku mijini kazi ipo: kusawazisha viwanja, kupanda nyasi, kutandika vitofali vya njia na kutengeneza bustani za mashule, mahoteli na nyumba za wenye uwezo. Kazi ambayo watu kumi huifanya kwa sepeto na toroli majuma mazima, kijiko kidogo huimaliza kwa siku chache.

Mashine mpya bei yake hatuiwezi. Kwa hiyo tunatafuta zile zilizokwisha tumika ng'ambo, au hapa hapa kwa makandarasi. Hapo ndipo fedha ya jasho la watu inapopotea, na pengine kinachopotea si fedha tu.

Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha mwanachama yeyote, hata kama si fundi, aende mbele ya muuzaji akijua la kuangalia, la kuuliza na la kukataa.

Kwa nini naandika

Mimi si mhandisi. Nilimaliza darasa la saba, na mambo ya mashine nimejifunza kiwandani, nikisukuma makapi ya miwa. Naandika kwa sababu nilikosea.

Mwaka 2015 nilikuwa katibu wa kikundi cha watu 18. Tuliweka akiba miaka mitatu. Tukaenda watano kwa muuzaji mmoja, tukakuta mashine inanguruma tayari. Muuzaji akasema, "Nimewawashia mapema, wazee wangu, msichelewe." Tukaona ni mtu mwema. Rangi ilikuwa mpya, mita ilionyesha saa 1,900. Kijana tuliyemchagua awe dereva alikuwa zamu siku hiyo, nasi hatukumsubiri. Mimi ndiye niliyejua kusoma vizuri karatasi, basi nikasoma karatasi, nikatia sahihi.

Mwezi wa pili pampu ikaanza kuchoka. Mwezi wa nne tulikuwa tunasawazisha uwanja wa shule. Mzizi ulikwama kwenye ndoo. Kijana akainua mikono ya mashine juu, akaacha injini ikiwaka, akafungua chuma cha mapajani, akainuka kitini aegemee mbele autazame. Goti lake likagusa pedali. Mikono ikashuka, ikaubana mguu wake kati ya chuma na chuma. Hospitali waliukata chini ya goti.

Baadaye fundi alinionyesha chini ya kiti nyaya mbili zimeunganishwa na kuzungushiwa utepe mweusi. Swichi ya usalama ilikuwa imerukwa. Lau ingekuwa nzima, mashine ingekataa kushusha mikono pale pale kijana alipofungua kile chuma. Waya ule ulikuwapo siku tuliyonunua. Hakuna aliyeinama akatazama.

Kila mwaka tulikuwa tukienda ofisini kumdai mwajiri fidia za wenzetu walioumia. Siku ile mwajiri tulikuwa sisi wenyewe, na bima hatukuwa nayo.

1. Tuijue mashine yenyewe

Kijiko kidogo ni mashine fupi ya magurudumu manne, yenye mikono miwili inayopita kushoto na kulia kwa dereva, na ndoo mbele. Watu wengi huiita Bobcat hata kama imetoka kiwanda kingine. Mwaka 1957 mafundi wawili wa Rothsay, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ndugu wa baba mmoja, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji wa bata mzinga mashine ndogo ya magurudumu matatu, iweze kugeuka ndani ya banda na kuzoa mbolea. Mwaka 1958 kampuni ya Melroe ya North Dakota iliichukua. Mwaka 1960 ikatoka ya magurudumu manne, na jina la Bobcat likaanza mwaka 1962.

Mashine hii haina usukani wa kukata magurudumu kama trekta. Magurudumu mawili ya kushoto huendeshwa pamoja, na mawili ya kulia pamoja. Dereva akitaka kukata kona, upande mmoja huenda mbio kuliko mwingine, na mashine huzunguka kwa kuburuta matairi yake. Ni kama mtumbwi ziwani: ukipiga kasia upande mmoja tu, unageuka.

Katika maelezo hayo yapo mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, matairi huisha upesi, hasa juu ya lami na saruji. Pili, mashine ikikata kona juu ya nyasi zilizokwisha pandwa huzing'oa, kwa hiyo kazi yake huja kabla ya kupanda. Tatu, mikono inapita karibu kabisa na mwili wa dereva. Hakuna mashine nyingine kiwandani kwetu inayomweka mtu katikati ya chuma kinachopanda na kushuka namna hii. Ndiyo maana vifungo vya usalama si mapambo.

2. Kazi kwanza, mashine baadaye

Kikundi kikae kwanza kiandike kazi zake. Je, ni kusukuma udongo, kubeba mawe, au kubeba vitofali? Milango ya viwanja ina upana gani? Mashine nyingi za aina hii zina upana wa kati ya mita 1.5 na 1.8. Mkinunua isiyopita mlangoni mmenunua sanamu.

Kisha angalieni uzito ulioruhusiwa. Kila mashine ina uzito unaoipindua kwa mbele, na kwa mashine ya matairi uzito ulioruhusiwa ni nusu ya huo. Ikiwa inapinduka kwa kilo 1,400, mwisho wa kubeba ni kilo 700. Kwa zile za minyororo ya mpira, kwa kawaida huhesabiwa asilimia 35 tu ya uzito unaopindua.

Tufanye hesabu. Tuseme ndoo inachukua lita 400, na mashine imeruhusiwa kilo 700. Mita moja ya ujazo ya udongo uliochimbwa ina uzito wa karibu kilo 1,500. Basi ndoo iliyojaa udongo ni kilo 600, na hapo tuko salama. Lakini mchanga uliolowa hufika karibu kilo 1,900 kwa mita moja ya ujazo. Ndoo ile ile ikijaa mchanga huo ni kilo 760. Tumepita. Ndoo ni ile ile, dereva ni yule yule, ila mvua imenyesha.

Vitofali navyo vina hesabu yake. Mita moja ya mraba ya vitofali vya unene wa sentimita 6 ni karibu kilo 140. Mita nane za mraba zilizopangwa juu ya ubao mmoja ni zaidi ya kilo 1,100. Mashine ya kilo 700 haiwezi kuzibeba, na ikibeba kwa uma badala ya ndoo huruhusiwa kidogo zaidi chini ya hapo, kwa kuwa mzigo unakaa mbali na magurudumu.

Msifikiri kubwa ndiyo bora. Mashine yenye kuruhusiwa kilo 700 mpaka 900 yenyewe ina uzito wa tani 2.5 mpaka 3.5. Itahitaji lori kila inapokwenda, na lori ni gharama. Kama kazi zenu ni za siku nne kwa mwezi, kukodi huenda kukawafaa kuliko kununua. Fanyeni hesabu hiyo kwa ukweli kabla ya kutoka nyumbani.

Zile za minyororo ya mpira hukanyaga ardhi kwa wepesi na hufaa mahali pa matope, lakini minyororo hiyo ni ghali na mawe huikata. Kwa kikundi kinachoanza, chenye viwanja vya changarawe na mawe, matairi ndiyo salama kwa mfuko.

3. Nani aende kuangalia

Waende watu watatu wasiopungua: dereva atakayeiendesha, fundi anayeijua dizeli na oili ya haidroliki, na mweka hazina. Mwenye kalamu asiende peke yake. Fundi awe wenu, mlipeni ninyi. Fundi wa kuletwa na muuzaji hula kwa muuzaji.

Mwambieni muuzaji mapema kwamba mnataka kuikuta injini ikiwa baridi. Mkifika, wekeni kiganja karibu na mfuniko wa injini. Kama ni moto, msigombane. Kaeni chini ya mti msubiri ipoe, au mrudi kesho asubuhi. Injini iliyochoka hupata taabu kuwaka ikiwa baridi, na hilo ndilo wengine wanalificha.

4. Kabla ya kuwasha

Mita ya saa. Mtu akifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, mita husoma saa 2,000. Mashine ya miaka kumi yenye saa 1,500 ina maana ilifanya kazi saa 150 tu kila mwaka. Yawezekana, lakini ulizeni ilikuwa wapi. Kisha tazameni vitu visivyosema uongo: mpira wa pedali, vishikio, kiti, na pini za mikono. Pedali zikiwa zimesuguliwa mpaka zinang'aa kama kijiko cha chakula, msiiamini mita. Mita hubadilishwa kwa bisibisi. Mashine iliyotunzwa yaweza kupita saa 5,000 ikiwa bado inafanya kazi. Isiyotunzwa hufa mapema zaidi. Kwa hiyo ombeni daftari la matengenezo, maana bila hilo saa peke yake hazisemi mengi.

Rangi mpya. Rangi si kosa, lakini rangi huficha. Pitisheni mkono kwenye mikono ya mashine, hasa pale inapoungana na mwili na pale ndoo inaposhikwa. Mkisikia uvimbe wa kuchomelewa chini ya rangi, ulizeni kilivunjika nini. Kibanda cha chuma cha dereva ndicho kinachomlinda mashine ikipinduka. Kikiwa kimekatwa, kimetobolewa au kimechomelewa ovyo, hakina tena nguvu aliyoikusudia mtengenezaji.

Kutu ya mabandani. Mashine nyingi za ng'ambo zimefanya kazi kwenye mazizi ya ng'ombe na mabanda ya kuku, au kwenye maghala ya mbolea ya chumvichumvi. Mkojo wa wanyama na mbolea hula nyaya na sakafu. Inueni zulia la miguuni, tazameni chini yake. Ile ya nje yaweza kung'aa na ndani imeoza.

Oili na maji. Chomoeni kijiti cha oili ya injini. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Angalieni na oili ya haidroliki vivyo hivyo. Fungueni mfuniko wa rejeta, ila wakati injini ni baridi tu. Mkiona mafuta yanaelea juu ya maji, jueni ugonjwa ni mkubwa. Tazameni pia kama matundu ya rejeta yamezibwa na nyasi na vumbi.

Mipira ya haidroliki. Msitafute tundu kwa kidole. Oili ile ikiwa na nguvu yake hutoka kwenye tundu dogo kuliko la sindano, ikapenya ngozi kama dawa ya kudungwa, na mtu huweza kupoteza mkono. Pitisheni kipande cha kartoni. Mtu aliyedungwa na oili apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Matairi. Yote manne yawe ya kipimo kimoja. Magurudumu ya upande mmoja yamefungwa pamoja kwa minyororo iliyo ndani. Tairi moja likiwa kubwa na jenzake dogo, yanavutana, na mnyororo ndio unaolipa.

Pini na bushi. Ndoo ikiwa chini, mmoja aitikise kwa mtaimbo. Ikicheza kidogo, ni uzee wa kawaida. Ikipiga kelele kama kengele ya shule, hesabuni gharama ya pini na bushi zote.

5. Injini ikiwashwa

Sasa dereva wenu aketi, afunge mkanda, ashushe chuma cha mapajani, awashe. Wengine wote wakae mbali, pande ambazo anawaona.

Tazameni moshi. Moshi mweusi unaoendelea ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na pengine ni chujio chafu tu. Moshi wa buluu ni injini inayokula oili. Moshi mweupe ukitoka kidogo asubuhi si neno, ukiendelea injini ikiwa moto kuna maji au dizeli isiyoungua. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fundi afungue kifuniko cha kujazia oili: mvuke ukipuliza kwa nguvu kama birika, ringi zimekwisha.

Dereva aende mbele kwa mstari ulionyooka. Mashine ikivuta upande mmoja, huenda ni kurekebisha vishikio tu, au huenda mota ya upande huo imechoka. Azunguke kulia, kisha kushoto. Pande zote mbili ziwe na nguvu sawa. Asikilize minyororo: sauti ya kugonga kila anapobadilisha mwendo ni mnyororo uliolegea.

Kisha aingize ndoo kwenye chungu ya udongo. Mashine nzima ikisukuma, magurudumu yataanza kuteleza. Ikisimama bila kuteleza, huku injini inalia, pampu au mota hazina nguvu. Ashushe ndoo mpaka magurudumu ya mbele yainuke kidogo. Ainue mzigo nusu ya kimo, azime injini, na kila mtu akae mbali. Mikono ikishuka yenyewe upesi mbele ya macho yenu, mipira ya ndani ya vyuma vya haidroliki au vali imekwisha.

Msiridhike na dakika tano. Pampu iliyochoka hufanya kazi vizuri oili ikiwa baridi na nzito, na huishiwa nguvu oili ikipata moto. Ifanyisheni kazi dakika 40, kisha rudieni majaribio yote. Ile pampu yetu ilikufa mwezi wa pili, na nadhani dakika 40 zingetuonyesha.

Mwisho jaribuni kufunga na kufungua ndoo. Pini mbili za chini lazima zitokeze kabisa kwenye matundu yake. Ndoo isiyoshikwa sawasawa huanguka na mzigo wake.

6. Vifungo vya usalama: hapa hakuna kupatana bei

Ndugu zangu, mambo ya kifungu cha 4 na cha 5 yanaweza kupunguza bei. Tairi bovu, toeni bei ya tairi. Pini mbovu, toeni bei ya pini. Lakini vifungo vya usalama havina bei ya kupunguza. Muuzaji avitengeneze vyote mbele ya fundi wenu, au mwondoke.

Jaribio ni rahisi. Mashine iwe mahali tambarare, mikono iko chini kabisa, hakuna mtu mbele wala nyuma. Dereva ameketi na mkanda wake, injini inawaka. Ainue chuma cha mapajani, kisha aguse kwa upole vishikio vya mikono na vya mwendo. Mashine nzima lazima ikatae. Ikitii, swichi imerukwa au imekufa. Baada ya kuzima, inameni mtazame chini ya kiti na pembeni mwa kile chuma. Waya uliounganishwa kienyeji, swichi iliyofungwa kwa kamba, kijiti kilichochomekwa ili swichi ibaki imebanwa: hizo ndizo alama.

Muuzaji atawaambia, "Madereva wote hufanya hivi, kile chuma kinasumbua." Ni kweli kwamba wapo wanaofanya hivyo. Wapo pia wasio na miguu.

Ulizeni pia kiko wapi chuma cha kuzuia mikono isishuke wakati wa matengenezo. Kila mashine hutoka kiwandani na njia ya kuizuia mikono ikiwa juu. Kikikosekana, kitafutwe kile cha mashine hiyo. Gogo wala jeki havifai badala yake. Pasipo kizuizi hicho, mtu yeyote asipite wala asiingize mkono chini ya mikono iliyoinuliwa, hata kwa kuokota spana.

Haya si maoni yangu tu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mwaka 1963 Mkataba namba 119 juu ya kukinga mashine. Mkataba huo unataka sheria za nchi zikataze kuuza au kukodisha mashine ambazo sehemu zake za hatari hazina kinga, na unasema mfanyakazi asitumie mashine kinga zake zikiwa haziko mahali pake, wala asiharibu kinga hizo. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejitoa kwenye kazi yenye hatari kubwa iliyo karibu. Na mwaka 2022 mkutano mkuu wa ILO ulikubali kuwa mahali pa kazi salama na penye afya ni miongoni mwa haki za msingi za kazi. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006.

Tunapodai hayo kwa wenye viwanda tunasimama kifua mbele. Basi tusije tukayavunja siku tunapokuwa sisi wenye mashine.

7. Karatasi na fedha

Namba iliyo kwenye kibati cha mashine ilingane na ya kwenye karatasi. Kibati kikiwa kimeng'olewa, acheni. Muuzaji aonyeshe kuwa mashine ni yake, na kama imetoka ng'ambo aonyeshe karatasi za forodha. Pia mashine huweza kuwa imewekwa rehani benki. Uganda ina sheria ya mwaka 2019 juu ya dhamana ya mali inayohamishika, na daftari lake liko kwenye ofisi ya usajili, URSB. Nendeni mkaulize kabla ya kulipa.

Chukueni namba ya mashine mwende nayo kwenye maduka ya vipuri. Ulizeni bei ya chujio, mpira wa haidroliki, tairi na mota ya mwendo. Mashine ambayo vipuri vyake havipatikani mjini itawalaza uani miezi mkisubiri sanduku kutoka Mombasa.

Msimalize akiba yote kwa muuzaji. Katika kila shilingi kumi, mimi nashauri mtumie saba kununua na mbaki na tatu. Moja ni ya oili mpya, machujio na mipira, ambavyo vyote mbadilishe siku ya kwanza. Moja ni ya ubovu utakaojitokeza, maana haukosi. Moja ni ya mafunzo ya dereva na bima. Ikiwa saba haitoshi mashine mnayoitaka, bado hamjawa tayari. Ongezeni miezi.

Mkishanunua, kazi ya kwanza itakuwa kuipandisha kwenye lori. Mashine yenye ndoo tupu ni nzito nyuma, kwa hiyo hupanda kwa kurudi nyuma, upande mzito ukielekea mlimani. Kazini mzigo ubebwe chini karibu na ardhi, na ndoo isiwe kiti cha abiria hata kwa hatua kumi.

Mwisho

Yule kijana wetu sasa ni mweka hazina wa kikundi kingine. Mwaka jana walikwenda kuangalia mashine, naye akaenda nao na mguu wake wa bandia. Injini ilikuwa baridi, pampu nzima, bei nzuri. Akaomba kiti kiinuliwe. Akatazama kwa muda, akasema, "Twendeni." Muuzaji akashusha bei mara mbili wakiwa wanatoka mlangoni. Hawakugeuka.

Maswali ya kujadili tawini

1. Ndoo ya lita 500 ikijaa udongo wa kilo 1,500 kwa mita moja ya ujazo ina uzito gani? Je, mashine inayopinduka kwa kilo 1,400 inaruhusiwa kuubeba?

2. Kwa nini muuzaji anaweza kupenda kuiwasha mashine kabla wanunuzi hawajafika?

3. Mashine inavuta upande wa kushoto na swichi ya chini ya kiti imerukwa. Ni jambo gani kati ya hayo mnaloweza kupatania bei, na ni lipi msiloweza? Toeni sababu.

4. Kikundi kikinunua mashine, ni wanachama wangapi waliokuwa wakifanya kazi kwa sepeto watakosa kazi? Mtawapangia kazi gani kabla mashine haijafika?

5. Dereva wa kikundi akiumia, nani ni mwajiri wake? Fidia itatoka wapi?